Mstari wa Anayetafutwa

Verna Slone alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu, pale barabara ya mgodi inapokata kona katika Kaunti ya Tolliver, milimani Kentucky. Yaliyompata nitayasema yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi. Atakayesema si kweli aende mahakamani mwenyewe, ashuke stoo ya chini, afungue sanduku namba arobaini na moja. Halafu arudi tuzungumze.

Ilikuwa Jumanne ya Oktoba, mwaka tisini na saba. Asubuhi Verna aliwasha jiko, akavunjavunja mkate wa mahindi ndani ya bilauri ya mtindi, akampelekea mama yake kitandani. Bi Orpha alikuwa na miaka themanini na mapafu yaliyochoka. Daktari alikwisha sema: wiki mbili, tatu zikizidi.

"Umelala, Mama?"

"Nilale wapi, na wewe unakoroma chumba cha pili kama trekta?"

"Haya, kula."

"Nitakula siku utakayoniambia Zella alipelekwa wapi."

Verna akaketi ukingoni mwa kitanda. Wimbo huo alikuwa ameusikia tangu utotoni. Zella Gayheart alikuwa dada mkubwa wa Bi Orpha. Mwaka ishirini na tisa, asubuhi ya kupika jemu ya matufaha, Zella alisimama uani akikoroga sufuria kubwa ya shaba kwa mwiko mrefu. Sufuria ile haiachwi. Ukiiacha kidogo tu, chini panaungua. Gari likaja. Wanaume watatu wakashuka. Wakasema binti huyu anaongea na watu wasioonekana, jaji wa kaunti anamtaka. Wakampakia na mwiko wake mkononi. Huko mahakamani watu kumi na wawili wakaapishwa, wakamsikiliza kwa nusu saa, wakaandika kwamba hana akili timamu. Hakuonekana tena. Baba yao akakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Orpha alikuwa na miaka kumi na miwili, na sufuria iliungua kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuikoroga.

"Harufu ile bado iko puani mwangu," Bi Orpha alisema. "Sitaki makubwa, mwanangu. Nitajie mahali tu. Nijue amelala wapi kabla sijalala mimi."

"Wameandika," Verna alisema. "Watu wa mahakama huandika kila kitu. Nitakuletea."

Akavaa gauni lake la bluu, lile lililopotea kifungo cha pili, akateremka mjini.

Masijala ya mahakama ya Tolliver ilikuwa na karani mmoja, Imogene Napier, aliyesoma darasa moja na Verna na hakumsamehe kwa kumshinda mashindano ya tahajia.

"Ehe, malkia wa herufi," Imogene alisema. "Leo umekosa nini kwako?"

"Nataka jalada la mwaka ishirini na tisa. Zella Gayheart."

"Kesi gani?"

"Ya wasio na akili."

Imogene akacheka. "La ukoo wenu, basi, lazima liwe nene."

Akamtupia kitabu cha orodha, kizito kama jiwe la kusagia. Verna akapitisha kidole kwenye herufi ya G mpaka akaliona jina, kwa wino uliofifia: Gayheart, Zella, sanduku la arobaini na moja. Imogene akashuka stoo ya chini, akarudi baada ya dakika kumi, mikono mitupu, akinusa vidole vyake.

"Halipo."

"Halipo vipi, na kitabu kinasema lipo?"

"Halipo, Verna. Na kadi haipo." Hapo hata yeye sauti ilimpungua. "Hapa kwetu jalada likitoka, kadi inakaa mahali pake. Kilichotoka, aliyechukua, siku ya kurudisha. Hakuna nafasi inayoachwa tupu. Miaka ishirini na sita niko hapa, sijaona nafasi tupu." Akanusa tena vidole. "Nani anaunguza matufaha mjini saa hizi?"

Verna hakusikia harufu yoyote. Alikuwa amepandisha hasira.

"Nifanye nini, sasa?"

"Andika ombi. Sheria inatupa siku tatu kujibu."

Verna akatoa penseli.

"Penseli hatupokei. Kalamu ile pale."

Kalamu ya bluu, imefungwa kwa uzi mezani, uzi mfupi mpaka mwandikaji ainame. Verna akainama, akaandika kwa kishindo. Sasa, karatasi zote ulizowahi kujaza, za benki, za hospitali, za kanisa, huanza na jina lako. Fomu ya Tolliver haianzi hivyo. Mstari wa juu ni wa anayetafutwa. Mwombaji yuko chini. Mtu mwenye hasira hasomi kilichoandikwa pembeni. Juu akaandika Verna Slone. Chini akaandika Zella Gayheart. Kwenye sababu ya ombi akaandika: *Orpha asife bila ndugu yake.* Kwenye mahali pa kupeleka jibu akaandika nyumba ya mama yake.

Imogene naye hakusoma. Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Jumatano ilipita vizuri. Alhamisi mchana Verna alikuwa uani akianika mashuka. Aliporudi ndani alimkuta mama yake ameketi wima, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa mwezi mzima, na simu iko mapajani.

"Mwanamke amepiga simu. Anakutaka mahakamani kesho, saa nne."

"Imogene?"

"Si Imogene." Bi Orpha alikuwa akitabasamu kama mtoto aliyeficha kitu. "Wa kwetu. Anaongea kizamani. Ameuliza nani anakoroga matufaha."

Verna akaichukua simu, akaiweka sikioni. Hapakuwa na mlio. Kilisikika kitu kama mti ukikwaruza shaba, polepole, ukizunguka.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano Verna alikuwa mbele ya meza ya masijala. Imogene hakumtania. Aliegemea ukuta, mbali na meza, kama mtu aliyewekewa nyoka.

"Nimelikuta asubuhi, juu ya meza," alinong'ona. "Mlango ulikuwa umefungwa. Funguo ninazo mimi."

Jalada lilikuwa la karatasi ya kahawia iliyokauka, limefungwa utepe mwekundu uliopauka. Lilikuwa la zamani, kingo zimeliwa na mende. Juu yake, kwa maandishi ya kizamani yenye mikia mirefu, paliandikwa Slone, Verna.

"Umekosea. Hili si lenyewe."

"Soma, Verna."

Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ombi lake mwenyewe, karatasi nyeupe ya Jumanne, muhuri na yote. Ndipo akaona. Jina lake juu. La Zella chini. Anayetafutwa, na anayetafuta.

"Mungu wangu. Nimegeuza majina. Imogene, nimekosea mstari tu! Nipe fomu nyingine."

"Siwezi kufuta kilichopigwa muhuri."

"Basi nirekebishe."

"Anayerekebisha ombi ni mwombaji." Imogene alikuwa karibu kulia. "Ndivyo sheria ilivyo, shoga yangu. Mwombaji mwenyewe aje. Na wewe si mwombaji."

Verna akafunua ukurasa wa pili. Huu ulikuwa wa kale, wino wake wa kahawia.

*Mwanamke aliletwa mbele ya watu kumi na wawili, umri miaka hamsini na minne, gauni la bluu, kifungo cha pili hakipo.*

Mkono ukaenda kifuani wenyewe.

*Asema jina lake limewekwa mahali pasipo pake. Asema ni kosa la mstari.*

"Nani kaandika huu upuuzi?" Verna alifoka. Akapiga meza kwa kiganja. Akapiga tena.

*Apiga meza mara mbili.*

Akasoma. Akasoma tena. Wino ulikuwa mkavu, wa miaka sitini na minane.

Akafunga mdomo. Alijiambia, nisiseme kitu. Nisiposema, hawana cha kuandika.

*Kisha anyamaza, akidhani hataandikwa.*

"Imogene." Sauti ilitoka ndogo. "Niondoe humu."

"Siwezi."

"Lichome moto."

"Mali ya umma, Verna. Siwezi."

Askari wa kaunti akachungulia mlangoni, kijana mwenye heshima, kofia mkononi. "Bibi Slone, kuna tatizo? Twende tukakae nje kidogo." Alimshika kiwiko taratibu, vile watu wanavyoshika wagonjwa. Verna akageukia mstari wa mwisho. *Watu kumi na wawili, kwa kauli moja, waona hana akili timamu. Apelekwe leo.* Halafu mahali. Mahali pale pale mama yake alipopaulizia kwa maisha yake yote. Wino ulikuwa umemwagika juu ya neno. Hata herufi moja haikusomeka.

Akajinasua, akakimbia.

Aliikuta nyumba ina joto na harufu. Matufaha, mdalasini, na chini kabisa, kitu kinachoanza kuungua. Bi Orpha alikuwa jikoni. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imemfikisha. Nywele zilikuwa zimesukwa misuko miwili ya kitoto, misuko ambayo mikono yake yenye baridi yabisi isingeweza kusuka. Mezani palikuwa na bilauri mbili za mtindi. Moja ilikuwa tupu.

"Mama. Nani amekuja hapa?"

"Zella amerudi!" Bi Orpha alicheka, pumzi safi, hakohoi. "Anasema kaombewa nafasi. Kaenda kuchota maji."

"Mama, sikiliza. Nitazame. Tufunge mlango."

Bi Orpha akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Samahani, bibie," alisema. "Wewe ni wa nani?"

"Ni mimi. Verna. Mwanao."

"Mimi?" Bi Orpha akajishika msuko, akacheka kwa haya. "Mimi nina miaka kumi na miwili."

Nje, gari lilisimama. Milango mitatu ikafunguka, mmoja baada ya mwingine.

Verna alitaka kupiga kelele. Akakumbuka kila neno lake lilikwisha andikwa. Akataka kunyamaza. Na hilo pia.

Mke wa mchungaji, nyumba ya pili, ndiye aliyemwona mara ya mwisho. Anasema Verna alitoka mwenyewe, mikono imening'inia, akaketi kiti cha nyuma cha gari jeusi la umbo la zamani. Hakugeuka. Askari wa kaunti waliapa hawakutuma gari. Hospitali zote za jimbo zilipigiwa simu. Hakuna iliyompokea.

Bi Orpha hakufa ndani ya zile wiki tatu. Aliishi mpaka Machi. Tulipompelekea chakula tulikuta amekwisha kula, vyombo vimeoshwa, mashuka yameanikwa. Hatukumwona aliyeosha. Tulisikia mwiko tu, jikoni, ukizunguka, na tukiingia ulikuwa umesimama. Alizikwa misuko yake miwili ikiwa imesukwa upya asubuhi ile ile. Tangu siku ya mazishi jiko lile halijawaka tena.

Imogene alistaafu mwaka uliofuata. Kabla hajakabidhi funguo alishuka stoo ya chini peke yake, akafungua sanduku la arobaini na moja. Jalada la Zella halikuwepo. La Verna nalo halikuwepo. Lakini nafasi haikuwa tupu tena. Kadi ilikuwa imesimama mahali pake, imejazwa vizuri, kila jina kwenye mstari wake.

*Kilichotoka: Verna Slone.*

*Aliyechukua: Zella Gayheart.*

*Siku ya kurudisha:*

Hapo palikuwa wazi. Ulikuwa mwandiko wa Verna, Imogene aliujua tangu darasani. Aliirudisha kadi, akafunga sanduku, akapanda ngazi akijifuta kidole gumba kwenye sketi. Akajifuta tena. Wino wa bluu, mbichi, ulikuwa bado unamwachia alama.