Maelezo ya Mpiga Pasi

Shati la kwanza alilikuta Jumatatu, kabatini, limepigwa pasi na bado lina joto. Refaat Bey akalishika, akalinusa, akalirudisha. Mama wa kumfulia huja Alhamisi tu, na funguo za nyumba alikuwa nazo yeye mwenyewe mfukoni. Akajiambia ni uzee. Mtu akiishi peke yake ghorofa ya nne, mke yuko makaburini na binti yuko Kuwait, kuna mambo huyafanya akayasahau.

Jumanne yakawa mawili. Jumatano, baada ya Alasiri, akiwa na chai yake mkononi, akaisikia pasi yenyewe: ile pasi nzito ya chuma ya vibanda vya hapa kwetu Tanta, ikitua mezani, ikisukumwa, ikitua tena, na kati yake pumzi ya mtu anayerashia nguo maji kwa mdomo, kama walivyofanya wapiga pasi wa zamani. Ilitoka chumba cha marehemu mkewe. Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya pamba iliyolowa ikiungua kidogo, na matone sakafuni.

Usinicheke. Haya nimeambiwa na Bayumi, aliyekuwa karani wa Refaat miaka ishirini na miwili, na Bayumi hajui kutia chumvi. Maisha yake yote aliandika alichoamriwa tu, na hapo ndipo penye kisa.

Maana kwenye ofisi ya mashtaka, mtu akisema, karani haandiki anachosikia. Husubiri. Mwendesha mashtaka huyachukua maneno ya yule mtu, akayavalisha kanzu ya lugha ya mahakamani, akayatamka upya, swali na jibu, na hayo ndiyo yaandikwayo. Asiyejua kusoma hutia dole gumba chini ya maneno ambayo hakuyasema kamwe. Wengi wa mabwana wale walikuwa waaminifu. Refaat, mmoja wao, alikuwa na haraka ya cheo.

Miaka kumi na mmoja nyuma aliletewa Shehata, mpiga pasi, kwa kosa la kumnyonga mjane na kumwibia bangili. Shehata alisema hakutoka kibandani. Akaja mke wa mwoka mikate, Umm Gaber, akasema ni kweli, mimi nilikaa pale toka Adhuhuri hadi Magharibi nikingoja mashati ya wanangu ya Idi. Bayumi akashika kalamu.

"Hilo usiandike," Refaat akamwambia. "Andika: shahidi hakumbuki saa."

Umm Gaber akatia dole. Shehata akanyongwa. Mwaka uliofuata mwizi mmoja akakamatwa na bangili zile zile, akakiri, na barua ya kukiri kwake ikaja mezani kwa Refaat, naye akaifungia kwenye droo. Ndugu wa Shehata walipolalamika, lalamiko lao likazikwa kwenye faili. Refaat akapanda cheo, akastaafu kwa heshima zote. Nagat, binti wa Shehata, alivunjiwa uchumba wake, na mpaka wiki ile watu walimwita binti wa muuaji.

Sasa mwenye heshima zote hakuwa na wa kumwita ila karani wake. Bayumi akamletea Shekhe Mitwalli. Shekhe akasoma, akatega sikio mlangoni, akarudi uso umemsawijika.

"Ni jini?" Refaat akanong'ona.

"Ni karini wa Shehata. Kila binadamu huzaliwa na jini wake, na mtu akifa yule hubaki. Huyu siku ile alikuwa kibandani. Ni shahidi, Bey."

"Mchome. Mfukuze."

"Nimfukuze vipi? Nimesoma Ayatul Kursi, naye anaisoma pamoja nami." Shekhe akajifuta jasho. "Anataka maelezo yaandikwe. Sema ulichofanya, kwa maneno yako mwenyewe, Bayumi aandike, utie sahihi, apewe Nagat. Ataondoka."

"Nifungwe na uzee huu?"

"Hilo kamuulize wakili. Mimi kazi yangu ni majini."

Wakakaa Ijumaa baada ya sala, jua jeupe dirishani. Chumba cha pili pasi ikasimama. Refaat akakohoa, akanyoosha mgongo kama yuko ofisini.

"Andika. Swali: je, palitokea upungufu? Jibu: kwa wingi wa kazi, kauli ya shahidi mmoja haikunakiliwa."

Bayumi akaweka kalamu chini. "Bey, uliniambia nisiandike. Nilikuwepo."

"Andika ninavyokwambia, Bayumi."

"Usifanye hivyo, mzee," Shekhe akasema chini chini. "Anasikia."

Bayumi akaishika tena kalamu. Refaat akaendelea kutamka, na kadiri alivyotamka ndivyo harufu ile ilivyopenya chini ya mlango, pamba mbichi na moto, ikapanda miguuni mwao, ikajaa chumba mpaka macho yakawatoka machozi, na pasi ikaanza tena kutua, si mezani sasa bali ukutani, kisha sakafuni, kisha nyuma ya kiti chake, kituo kwa kituo, mpaka maji ya baridi yakamrukia kisogoni, laini, ya mdomoni, na yeye kinywa wazi akiwa bado anatafuta neno la heshima la kuficha lile la kweli.

Halafu kimya. Harufu ikakatika.

"Ameondoka?"

Shekhe alikuwa anavaa viatu, macho yake kinywani mwa Refaat. "Sijui alikokwenda. Mlangoni hakupita."

Refaat akatia sahihi maelezo yake laini. Bayumi akamhurumia. Akamwona anafungua kinywa kumwomba abaki, wanywe japo chai, maana uso mzima ulikuwa unaomba. Kinywa kikasema, "Nenda zako."

Bayumi akaenda. Nyumbani akachukua karatasi, na kwa mara ya kwanza akaandika bila kuamriwa: neno la Umm Gaber, barua ya yule mwizi, na aibu yake mwenyewe aliyeshika kalamu. Akampelekea Nagat, naye akaifikisha ofisi ya mashtaka.

Refaat alipoitwa kuhojiwa, mawakili wawili walimfundisha kukana. Alisimama, akafungua kinywa akane, na kinywa kikaeleza kila kitu, siku, saa, droo, kwa lugha ya sokoni isiyo na kanzu yoyote, huku macho yakimtoka. Shehata akasafishwa jina. Nagat alilia kwenye baraza ya mahakama, na watu wakamshika mabegani.

Mzee anangoja kesi yake nyumbani. Bayumi humpelekea mikate. Kila Ijumaa binti hupiga simu kutoka Kuwait.

"Baba, nimeomba likizo. Nije?"

Refaat huikamata simu kwa mikono miwili, machozi yakimchuruzika ndevuni, hukitikisa kichwa ndiyo, ndiyo, na kinywa chake humjibu kwa upole, "Usije, mwanangu. Sina haja na mtu."