Boti ya Posa

"Gonga tena hapo," Serafina alisema.

Amedeus, mpenzi wake, akaigonga kwa sarafu boti aliyokuwa akiiunda. Ubavuni boti ililia kwa sauti kali; chini, karibu na mkia, ikatoa sauti nzito iliyokufa. Baba yake Serafina ndiye aliyemfundisha kugonga magogo ya mitumbwi: palipooza hapalii.

"Tabaka la mwisho uliweka lini?"

"Jumanne."

"Jumanne mvua ilinyesha kutwa nzima! Faiba ililowa?"

Amedeus akainamisha kichwa. "Kidogo. Mzee wako kasema boti isipofika Jumapili, hakuna posa. Ningefanyaje?"

Baba huyo, Mzee Gaudensi, alikuwa akivusha watu Mto Kilombero, na mtumbwi wake ulikuwa umeoza. Mahari aliyoitaka ni hiyo tu, boti ya faiba: nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka.

"Itadumu mwaka, Sera. Tukishaoana naitengeneza."

"Na matabaka yakiachana katikati ya viboko? Atakayekaa humo ni baba yangu!"

Akaondoka analia. Ijumaa hiyo hiyo akamtumia ujumbe: "Nakupenda, hilo halijabadilika. Ila siolewi kwa boti hiyo. Mwambie baba mwenyewe, au nitamwambia mimi."



Jumamosi mchana bodaboda ikasimama uani. Amedeus akashuka, nywele zimejaa vumbi jeupe, mkononi kashika kipande cha faiba kipana kama sinia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Boti iko wapi?"

"Nimeikata kwa grenda. Tabaka la mwisho niliweka siku ya mvua, halikushika." Akaingiza kidole, matabaka yakaachana kama maganda ya kitunguu. "Kesho haitakuwepo, baba. Nisamehe."

Mzee akakigeuza kipande, akakigonga kwa ukucha.

"Hiki umekitoa nyuma, upande wa kushoto."

"Umejuaje, baba?"

"Alhamisi nilipita karakanani kwako, ulikuwa umeenda kula. Nikagonga. Nikasema ngoja nione huyu kijana ataniletea nini."

Mzee akampa binti yake kile kipande.

"Kafunikie ndoo ya maji. Na wewe, kesho mlete mshenga. Boti itakuja jua likiwaka."

Serafina akacheka huku machozi yanamtoka.

"Ila siku ya kuweka tabaka," mzee akaongeza, "nitakuja mwenyewe kutazama mawingu."