Nikisema Kosa, Nikinyamaza Kosa

Baba Pacha alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Mashuka machafu ya wodini yaliingia kwenye mashine zake, yakatoka meupe. Kazi aliijua. Hakuchelewa, na hakuwahi kuondoka na hata kipande cha sabuni.

Asubuhi moja alikuwa mezani na mkewe na watoto wao pacha.

"Chai imepoa," alisema. "Mlango nao unalia. Na hivi viatu, nani kaviacha njiani?"

"Chupa ya mafuta iko chini ya kitanda, upande wako," mkewe alimjibu. "Mlango unakusubiri wewe."

Pacha wakacheka. Baba Pacha hakuona cha kuchekesha. Mlango si ulikuwa unalia kweli?

Alipokaribia chumba cha kufulia, alisikia sauti ya msukuma toroli ndani. "Haya, Kasoro huyo anakuja!"

Baba Pacha akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Alipoingia, wote walinyamaza ghafla. Mpiga pasi, mama mmoja mpole, aliinamia shuka lake kama anatafuta sindano.

"Kasoro ni nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mzee," alisema msukuma toroli, akatoka upesi.

Baadaye msimamizi alimwita pembeni.

"Ndugu yangu, wenzako wameniomba nikuhamishie bohari."

"Nimekosa nini?"

"Kazi yako haina doa. Lakini kila siku sabuni mbaya, toroli bovu, watu wa wodini wazembe. Unasema, halafu unaondoka. Wenzako wanabaki wamekata tamaa."

"Lakini sabuni ni mbaya kweli!"

"Najua. Bado sijaamua. Jirekebishe."

Baba Pacha alirudi kwenye mashine kichwa kikimzunguka. Sabuni ni mbaya, msimamizi mwenyewe anakubali. Sasa kosa lake liko wapi?

Aliwaza, akapata jibu moja tu: afunge mdomo na atabasamu. Kuanzia siku hiyo, kila kitu kwake kilikuwa kizuri. Mpiga pasi alimwonyesha shuka lenye doa.

"Hili lirudi kufuliwa?"

"Zuri sana hilo, mama! Safi kabisa!"

Mpiga pasi alilitazama doa, akamtazama yeye. "Leo una homa?"

Siku chache baadaye, mashine ya kukaushia ilianza kupiga mlio mwembamba. Baba Pacha aliutambua. Ulikuwa mlio wa mkanda unaotaka kukatika. Alifungua mdomo, akaufunga. Ataambiwa analalamika tena. Akatabasamu.

Kabla ya chakula cha mchana, mkanda ulikatika. Mashuka yaliyolowa yalirundikana hadi mlangoni. Muuguzi wa wodi ya wazazi alishuka mwenyewe. Alikuwa jirani wa Baba Pacha, nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Mashuka yako wapi?" aliuliza. "Akina mama wamelala juu ya magodoro matupu. Mmoja amemfunika mtoto wake kwa koti la mumewe."

Msimamizi akawageukia wafanyakazi wake. "Hakuna aliyeusikia huo mkanda?"

"Mimi niliusikia," alisema Baba Pacha.

"Kwa nini hukusema?"

"Si mlisema nalalamika?"

Msimamizi akaenda kumtafuta fundi. Baba Pacha alikuwa karibu kulia.

Jioni alitembea na muuguzi kurudi nyumbani.

"Jirani, sielewi," alisema. "Nikisema, kosa. Nikinyamaza, kosa. Wanataka niwe nani?"

"Ukiona tatizo, unawaambiaje?"

"Nawaambia lilivyo. Toroli bovu. Basi."

"Halafu?"

"Halafu nini? Narudi kwenye kazi yangu."

Muuguzi alicheka kidogo. "Jirani, tatizo ni kama beseni la maji ya moto. Wewe ukiliona, unalimwaga miguuni kwa mwenzako, unakwenda zako. Safari hii umeliacha likamwagika lenyewe. Yote mawili yanaunguza."

"Nifanyeje, basi?"

"Shika upande mmoja, mwombe mwenzako ashike wa pili. Sema umeona nini. Sema wewe unaweza kusaidia nini. Kisha muulize anaonaje, na umsikilize."

"Na kama sijui la kufanya?"

"Sema hujui. Lakini usiondoke."

Baba Pacha hakuwa na hakika kama ameelewa. Lakini kesho yake alianza.

Mifuko ya mashuka ilikuwa inatoka wodini imechanganywa. Yenye damu pamoja na yasiyo na damu. Ilibidi wafungue kila mfuko na kuchambua, na kazi ilichelewa. Zamani angesema watu wa wodini hawana akili. Akamwendea msukuma toroli.

"Mwenzangu, mifuko inatuchelewesha. Nafikiri tuombe mifuko ya rangi mbili. Mimi naweza kwenda kuongea na wodi. Wewe waonaje?"

Msukuma toroli alimtazama kwa mashaka. "Mifuko mipya hatupewi leo wala kesho."

Baba Pacha alitaka kubishana. Akameza mate. "Basi tufanyeje?"

Mpiga pasi akaweka pasi pembeni. "Kuna shuka jekundu lililochanika. Nikate vitambaa. Mfuko wenye damu ufungwe kwa kitambaa chekundu."

"Mama, hilo ni bora kuliko langu!" alisema Baba Pacha. Safari hii hakuigiza.

Alipanda wodini, akamweleza muuguzi na wenzake. Wiki ile ile mifuko ilianza kushuka imefungwa vizuri. Mashuka makavu yakawa yanafika wodini mapema. Na chumbani watu walianza kusemezana. Mtu akiona tatizo, alisema, "Jamani, njooni tulitazame."

Msimamizi alipofika kuuliza habari ya bohari, Baba Pacha alishikwa na wasiwasi. Mpiga pasi ndiye aliyejibu, huku akikunja shuka.

"Bohari watafute mtu wao. Huyu ana kazi na sisi."