Mikanda ya Ipogolo

Mzee Tadeo Kalinga, mlinzi, alikutwa amelala kifudifudi mlangoni pa stoo ya Ipogolo, Iringa, kisogo kimepasuka, vidole bado vimeng'ang'ania mwimo wa mlango. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Machi 1973, na mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Kama kulikuwa na nyayo, maji yalishazichukua.

"Nani kamwona kwanza?" aliuliza Inspekta Jailos.

"Mkewe, afande. Alimletea uji," alijibu Sajenti Budeba.

"Kufuli?"

"Halikuvunjwa. Limefunguliwa kwa ufunguo."

"Wameiba nini?"

"Mikanda ya kompyuta. Yote."

Jailos aligeuka kumtazama sajenti kama anayetaniwa. Ndani ya stoo ile mlikuwa na magunia ya mchele wa Rujewa yaliyofika darini, mchele wenyewe unanukia mpaka barabarani. Mwizi gani huyo anaua mtu, anaruka mchele, anabeba mikanda?

"Mwizi mwenye akili zake, Budeba," alisema. "Na wa namna hiyo simpendi hata kidogo."

Jailos hakuwa mtu wa kuamini. Watani wake kituoni walisema hata akisalimiwa huuliza kwa nini. Akaagiza maiti ipelekwe hospitali kuchunguzwa, kisha akaomba aletwe mtu wa kumweleza hayo mambo ya mikanda.

Akaletewa Leokadia Bujiku, binti mwembamba wa Kisukuma aliyekuja kutoka Mbeya wiki iliyopita kuandaa semina. Alikuwa amelia, lakini alijibu vizuri.

"Kompyuta ya ofisi yetu ya kilimo iko Mbeya, afande. Ni moja tu, ila kwa ndani imegawanywa kama nyumba ya kupanga. Watu wa mpunga wana chumba chao, wa mbegu chao, wa maji chao. Kila mmoja anajiona ana mashine yake mwenyewe."

"Na nyumba ikiungua?"

"Wapangaji wote wanalala nje. Ndiyo maana kila mwezi vyumba vyote vinanakiliwa kwenye mikanda, inaletwa huku Iringa. Na semina ni ya hayo hayo, kufundishana namna ya kusimama tena baada ya maafa. Tulikuwa tuzisome nakala za mwaka mzima, moja moja."

"Zimewahi kusomwa?"

"Hata siku moja."

"Funguo za stoo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao mkuu wangu, Ndugu Sedekia, Mbeya."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Gesti, chumbani kwangu. Napanga ratiba."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Jibu baya hilo, binti."

"Ndilo la kweli, afande."

Mkuu wa upelelezi wa mkoa hakutaka kusikia zaidi. Ufunguo anao, yuko hapa hapa mjini, shahidi hana. Hiyo ni hujuma dhidi ya mali ya umma, alisema, na mauaji juu yake. Kesho saa tatu afikishwe mahakamani. Leokadia akatiwa mahabusu, na kila mtu kituoni alijua kosa la mauaji mwisho wake ni kitanzi.

Jioni baba yake, mzee Shija Bujiku, alifika kutoka Rujewa. Alikaa kwenye benchi la kituo na fimbo yake ya kuchungia, hakuomba kitu.

"Nimehama na ng'ombe toka Usukumani mpaka Usangu, mwanangu," alimwambia Jailos. "Nusu yao wameliwa na shule ya huyo mtoto. Kama ameua, sema. Kama hakuua, tafuta."

Kutafuta Jailos alikuwa ameshaanza, kwa sababu tangu asubuhi kitu kimoja kilikuwa kinamkera. Katika kibanda cha mlinzi kulikuwa na vikombe viwili vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kiti kimoja cha mbao kilichotandikwa kitambaa cha kudarizi. Alikuwa amemtafuta mjane, Mama Rozalia, akamkuta kati ya wanawake wa msiba.

"Kamwene, mama," Jailos alimsalimu kwa Kihehe. "Pole sana."

"Nimeshapoa, baba."

"Dereva anayeleta mikanda, yule Maganga, akija kwa marehemu hukaa wapi?"

"Juu ya gunia. Atakaa wapi tena?"

"Na Leokadia?"

"Kigodani, karibu na mimi. Mtoto wa nyumbani yule."

"Kitambaa kile cha kwenye kiti?"

Rozalia alipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Nimekidarizi mwenyewe. Tadeo alikuwa hakitandiki ovyo. Hutoka akija padri, au mkubwa wa ofisi. Jana mimi nililala kwa dada yangu, sijui alikuja nani."

Padri hachukui mikanda, aliwaza Jailos. Akavifunga vikombe vizuri, vikapelekwa Dar es Salaam kwa wataalamu wa alama za vidole. Majibu yangechukua wiki mbili, na mahakama ilikuwa kesho.

Mkubwa wa ofisi mwenyewe, Ndugu Sedekia, alikuwa amefika alasiri ile kutoka Mbeya na Landrova. Mtu wa makamo, suti nadhifu, macho mekundu.

"Jana ulikuwa wapi, ndugu?"

"Kitandani. Malaria. Mke wangu shahidi."

"Ufunguo wako?"

"Huu hapa, haujatoka mfukoni."

"Pole kwa malaria. Umepona upesi."

"Klorokwini," alisema Sedekia haraka. "Sasa mikanda haipo, itabidi semina tuiahirishe. Tutasoma nini?"

Na aliposema *tuiahirishe*, mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Jailos aliyaona mabega yale. Akamwacha aende, kisha akashuka mahabusu.

"Hiyo semina yako inaanzaje?" alimwuliza Leokadia.

"Kwa moto wa uongo. Natangaza mashine imeungua, kila mtu aonyeshe atafanya nini."

"Wanajua?"

"Hawajui. Hata mkuu wangu hajui. Maafa hayapigi hodi, afande."

"Basi kesho saa mbili utawafanyia semina yako," alisema Jailos. "Lakini mimi nitaanza kusema."

Asubuhi ukumbi wa semina ulijaa. Walikuwapo watu wa mpunga, wa mbegu, wa maji, na mbele kabisa Sedekia. Leokadia aliingizwa katikati ya askari wawili, watu wakanong'ona. Rozalia naye alikuja na kukaa kwenye benchi la nje, amejifunika kanga nyeusi.

"Ndugu zangu," alisema Jailos, "mikanda imepatikana. Ilitupwa porini, kando ya barabara kuu. Ni mikavu, wala haijaguswa."

Makofi yakalipuka. Ulikuwa uongo wa kubahatisha, lakini Sedekia, aliyekuwa ameitupa porini kweli njiani kurudi Mbeya, alipiga makofi mawili na kuacha. Hapo Jailos akamfanyia Leokadia ishara.

"Simu imetoka Mbeya sasa hivi," alisema binti, na sauti yake ilitetemeka kwa hofu ya kweli. "Chumba cha mashine kimeungua. Hakikuokolewa kitu."

"Mungu wangu!" alipiga kelele Damari, bibi mmoja wa idara ya mbegu. "Jamani, afadhali nakala zimepatikana! Twendeni tukazichukue!"

"Kweli, nakala zipo!" wenzake walidakia, wameshasimama.

Mtu mmoja tu hakusimama. Sedekia alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Tumekwisha," alisema. "Jamani, tumekwisha!"

Jailos alimwinamia. "Tumekwishaje, ndugu? Nakala si zipo?"

"Nakala gani? Ni mitupu ile! Yote mitupu!"

Waliosimama wakageuka kumtazama.

"Umejuaje?" aliuliza Jailos. "Haijawahi kusomwa hata siku moja."

Sedekia aligeukia mlango, akamkuta Budeba amesimama hapo.

"Mbeya hakujaungua kitu," alisema Jailos. "Huo ulikuwa moto wa semina. Sasa nakuonya, si lazima useme lolote, lakini utakalosema litaandikwa, na litakuwa ushahidi."

Sedekia alisema yote. Mwaka mzima alikuwa ananakili akiwa nje ya vile vyumba, bila kuingia ndani ya hata kimoja, kwa hiyo kazi za idara hazikuingia kwenye mikanda. Leokadia alipotangaza semina, akasoma mkanda mmoja kwa siri, akakuta hauna kitu.

"Si ungenakili upya?" aliuliza Budeba.

"Za miezi iliyopita ningezitoa wapi? Mimi ndiye mkuu. Mimi ndiye niliyetumwa Ulaya kusomea." Alikuwa analia waziwazi. "Mzee Tadeo alinipokea vizuri, akanimiminia ulanzi. Lakini nilipobeba mikanda akashika mlango. Akasema mwanangu Leokadia kasema kisitoke kitu. Nikampiga na chuma cha jeki."

Leokadia alimsogelea. Hapakuwa na askari aliyemzuia.

"Ungeniambia, mkuu."

"Ningekuambia nini mimi?"

"Ratiba ilikuwa, baada ya moto, kila mtu asimame aseme alichokiharibu. Nilikuwa nianze mimi. Mwezi wa nane nilifuta chumba kizima cha mbegu kwa bahati mbaya, nikakijaza tena usiku, hakuna aliyejua."

"Wangesemaje?"

"Wangetucheka kidogo," alisema Leokadia. "Halafu tungeanza kunakili upya."

Budeba akamfunga Sedekia pingu. Jailos alitoka nje, na Rozalia akainuka kwenye benchi.

"Baba, wamesema ni mikanda. Ilikuwa na nini humo ndani hata mume wangu akauawa?"

Jailos alivua kofia yake, akamkalisha tena kwenye benchi, naye akakaa kando yake.