Faili Arobaini za Shemeji

Haya sikuyapokea kwa vinywa vya watu. Yalimfika dada yangu wa tumbo moja, nami nilikuwa nimeketi palepale, asubuhi ya Jumanne yenye jua kali.

Marehemu mumewe, shemeji yangu, alikuwa mtu wa kuwasomea waliopagawa. Kila kisomo alikirekodi katika kompyuta yake: sauti yake, na sauti ya kile kilichomjibu. Wiki moja kabla ya kufariki aliiwekea kompyuta ile mfumo mpya, na programu yake ya kurekodia ikagoma kufunguka. Tulidhani ni ajali ya mzee asiyezijua mashine.

Tangu mazishi, binti yao wa miaka tisa, tuliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, hakutamka neno. Hakula ila kwa kushikiwa kijiko. Dada yangu alibakiwa na tumaini moja: mtoto aisikie sauti ya baba yake ikisoma.

Akaitwa fundi, mtu hodari mwenye ulimi mkali.

"Mama, kurudisha toleo la zamani la mfumo kwa kawaida kunafuta kila kitu."

"Futa uone! Ukinipotezea sauti ya mume wangu, nitakula nawe sahani moja."

"Basi niache nifanye kazi. Nanakili kwanza kwenye diski yangu, nashusha toleo, narudisha. Faili ziko arobaini. Zisipotimia arobaini, tusijuane."

Dada akanigeukia. "Na wewe kaka, unanitolea macho ya nini?"

Nilimtazama kwa sababu ya karatasi. Ilikuwa imebandikwa chini ya kompyuta, kwa mwandiko wa shemeji. Kabla fundi hajabisha hodi, dada aliibandua akaifumbata kiganjani.

"Imeandikwa nini?" nilinong'ona.

"Hayakuhusu."

Kazi ilikwenda hadi adhuhuri. Chiriku aliletwa, akaketishwa mbele ya meza ya chakula, ilipokuwa kompyuta. Kioo kikazimika, kikawaka, na programu ya shemeji ikafunguka kwa utiifu. Fundi akahesabu faili kwa kidole. Arobaini. Akabofya ya mwisho, yenye urefu wa dakika tisa.

Sauti ya marehemu ikajaa chumbani, tulivu, kila herufi mahali pake. Chiriku akainua kichwa. Dada yangu akabubujikwa na machozi.

Kisha kisomo kikakatika. Shemeji alisikika akihema.

"Hutoki humu."

Ikajibu sauti nyingine. Ya upole. Ya karibu mno.

"Nitamngoja mkeo. Yeye atanifungulia."

Fundi akabonyeza kuzima. Haikuzimika. Akachomoa waya. Haikuzimika.

Chiriku akacheka.

"Nina njaa," akasema, na mama yake akamkumbatia kwa furaha. Mtoto akanitazama juu ya bega la mama. Hakupepesa macho. Akasema taratibu, kwa upole uleule:

"Ahsante kwa kunifungulia."

Karatasi ilianguka sakafuni. Nikaiokota. *Toleo jipya ndilo kufuli. Msirudishe la zamani.*

Nilipomsomea dada, alinitoa nje kama mbwa. "Mwanangu amepona, nawe unaona kijicho!" Mpaka leo sikanyagi mlango wake. Chiriku anakula, ananenepa, na majirani wanamshukuru Mola.

Siku tatu baadaye fundi alinijia, si mkali tena. Alikuwa na kompyuta yake na ile diski, ambayo aliapa haikuchomekwa popote tangu Jumanne.

"Zilikuwa arobaini, mzee, na ziko arobaini. Sikupoteza hata moja."

Akafungua ya arobaini. Shemeji hakuwamo. Ile sauti ya upole haikuwamo. Alikuwamo mtoto mmoja tu, akisema mbiombio bila kupumua, kama alivyokuwa akisema zamani.

"Mama, mbona umenifungia? Mama, mimi niko huku. Mama, nani huyo unamlisha?"

Nilitazama urefu wa faili. Saa sabini na mbili.

Diski ninayo mimi, kabatini, chini ya misahafu. Jana niliichomeka kwa mara ya mwisho.

Saa mia sita na kumi na moja. Na sasa hamwiti mama tena. Ananiita mimi.