Jina Lililotajwa Mwambani

Yote yalianza kwa wimbo. Ilikuwa saa saba mchana, Sólrún yuko jikoni anapaa samaki, mtoto amelala nje kwenye kigari chake kama watoto wote wa Iceland wanavyolazwa, kafunikwa sufu mpaka puani. Kiredio cha kumsikilizia kilikuwa mezani. Kikaimba. Sauti ya mwanamke, taratibu, neno moja tu: Dýrleif, Dýrleif.

Kisu kikamtoka mkononi.

Maana jina hilo walilijua watu wawili tu, yeye na mumewe Ketill. Kwao jina la mtoto halitamkwi mpaka abatizwe, na ubatizo ulikuwa Jumapili. Mpaka siku hiyo mtoto ni Kidoti, basi.

Alitoka mbio. Hakuna mtu. Kigari kiko palepale kando ya mwamba mweusi nyuma ya nyumba, theluji haina hata unyayo, na Kidoti yuko macho, halii, anautazama mwamba. Alipombeba alinusa harufu ya jiwe bichi. Na uzito! Kama ndoo iliyojaa.

Tangu hapo Kidoti hakunyonya vizuri wala hakulia. Daktari akampima, akasema mzima. Mzima gani huyu, baridi hivi? Ketill aliacha kwenda kazini, akawa anamtia ndani ya sweta lake, kifua kwa kifua, anatembea naye huku na huku, "Pata joto, mama, pata joto, chukua langu lote," na midomo yake mwenyewe imekuwa ya bluu.

Ijumaa akaja Gróa, mama yake Ketill. Alishika unyayo wa mtoto, akauachia haraka.

"Nani amelitaja jina lake nje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mama."

"Ketill. Nimekuzaa mimi."

Ketill akakaa chini, sakafuni. "Nilimnong'oneza tu. Kila nikimbembeleza pale nje, kando ya mwamba. Ningefanyaje, mama? Mwanangu yule! Nilikuwa nimejaa mpaka hapa."

"Wiki sita zimekushinda kufunga domo? Hata baba yako, na ulevi wake wote, aliweza!" Kisha bibi akashusha sauti zaidi. "Waliomo mwambani wamelisikia. Wanamwita. Akibatizwa nalo, ni wao."

"Basi tumpe lingine," Sólrún akasema. "Leo hii, tumpe lingine!"

"Mtampa. Lakini lile limeshaitwa, mwanangu. Lazima awepo wa kuliitikia, la sivyo hawataondoka hapo."

 Ketill alimkabidhi Sólrún mtoto, akambusu utosini, akamnusa, akarudi kumbusu tena kama aliyesahau kitu, halafu akatoka na soksi tu miguuni, na Sólrún, kajibana dirishani na mtoto kifuani, alimwona akipiga magoti kwenye theluji, akauegemeza uso wake kwenye mwamba, akaukumbatia kwa mikono miwili, na alichokuwa akisema kilisikika hadi ndani, "Dýrleif ni mimi, niiteni mimi, yule hana jina, yule mwacheni, ni mimi," tena na tena, mpaka sauti ikamkauka, mpaka Gróa akaanza kulia, mpaka mwambani pakatoka kicheko chepesi cha mwanamke aliyeridhika.

Jumapili kanisa lilijaa. Kasisi aliuliza mtoto aitwe nani, Ketill akajibu kwa sauti kubwa: "Ásný." Maji yalipomgusa, Ásný akapiga yowe la kuvunja vioo, mwekundu, wa moto, mwepesi kama mkate. Watu wakacheka. "Mapafu ya baba yake hayo!" mtu akasema.

Sólrún alimgeukia mumewe, analia kwa furaha.

Ketill hakuwa akimtazama. Alikuwa ameelekea mlangoni, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

"Abee," alisema polepole. "Nakuja."

Akaanza kutembea.