Nimepandisha Mara Tatu

Umeme ulikatika saa sita na nusu mchana, lifti ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ikiwa na watu tisa ndani, wote wana njaa. Mmoja akacheka, mwingine akamlaani mwenye jengo. Kisha, kutoka kwenye mkoba wa mtu, ikatoka sauti nzito ya kukwaruza, isiyojulikana kama ni ya mwanamume au ya mwanamke.

"Nitoke niende wapi? Huyu ni wangu tangu tumboni mwa mama yake!"

Hapo hapakuwa na mtu mzima. Walikanyagana, wakalia, wakaita majina ya Mungu yote wanayoyajua. Katika patashika hiyo mkono wa mwanamume ukamshika mwenye mkoba begani na kumng'ang'ania.

"Samahani jamani, ni simu yangu!" msichana akapiga kelele huku akiipapasa. "Imejiwasha. Ni kazi yangu!"

Taa ziliporudi, watu waliona gauni la manjano lenye vifungo vyeusi, midomo ya zambarau na macho ya mtu anayejizuia kucheka. Aliyemshika alikuwa fundi saa wa ghorofa ya nne, shati jeupe limenyooshwa vizuri, ile lenzi yake ya kuchungulia saa inaning'inia shingoni, jasho linamtiririka.

"Unaweza kuniachia sasa," msichana akamwambia. "Au umeshanilipia mahari?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Kwa kucha?"

Mapenzi yao yalianzia hapo. Msichana alifanya kazi studio ya ghorofa ya sita, wanakotia sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje. Bahati yake, au mkosi wake, ilikuwa koo. Filamu ikiwa na binti aliyepagawa na mtumishi wa Mungu anayemkemea pepo, huyo pepo alikuwa yeye. Wenzake walimwita Jini. Fundi akaongeza "wangu" mwishoni. Yeye akamwita fundi Dakika, kwa sababu hakuwahi kuchelewa popote.

"Njoo basi uone filamu yangu moja, Dakika. Moja tu."

"Kesho, Jini wangu. Leo nina saa ya mtu."

"Kesho yako haifiki. Unaogopa?"

"Mimi? Niogope picha?"

Aliogopa kupita kiasi. Alipokuwa na miaka kumi, kaka yake alikuwa akianguka, anatoa povu na kukoroma kwa sauti isiyo yake. Watu wazima walisema ana pepo. Walimfungia chumbani, wakamshika mikono na miguu, wakamkemea bila kumpa maji wala dawa, na siku ya tatu alikufa. Fundi ndiye aliyeambiwa ashike mguu wa kushoto, na aliushika. Mpaka ukubwani hakujua lipi linamtisha zaidi, kwamba pepo alikuwepo au kwamba hakuwepo.

Jini naye alikuwa na lake. Kwenye kijikopo cha hereni ndani ya mkoba aliweka vidonge vya kifafa, na alimeza asubuhi na jioni bila mtu kumwona. Ungemwambiaje mpenzi jambo hilo, na kazi yenyewe ni ile? Akaahirisha, wiki baada ya wiki.

Siku moja simu iliita dukani kwa fundi, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya saa ya mteja. Shangazi yake, aliyemlea baada ya msiba ule, mwanamke wa maombi asiyekosa ibada, alikuwa amekuja kumsalimia.

"Nibonyezee hapo, shangazi. Weka sauti ya nje."

"Dakika wangu, mwenzio nimechoka hoi," Jini akadeka. "Tangu asubuhi nimepandisha mara tatu, na bosi anataka nipandishe tena. Hili la leo ni kubwa, linanigomea katikati! Nitakuambia..." Mtandao ukakata.

Shangazi aliiweka simu chini taratibu.

"Umesikia kwa kinywa chake. Anapandisha mashetani mara tatu kwa siku. Mwanangu, sitazika wawili."

Fundi alijua kazi ya mpenzi wake. Angeweza kupiga simu na kuuliza swali moja tu. Lakini hofu ilimwingia mwili mzima, akasikia alichosikia shangazi. Hakupokea simu jioni ile, wala kesho yake, mpaka siku tisa zikapita. Ghorofa mbili juu, Jini alijua sababu ni moja tu: kuna mtu amemwambia kuhusu vidonge. Hakula vizuri, na usingizi ulimkimbia kabisa.

Siku ya kumi akashuka kwa ngazi, macho mekundu, akasimama mlangoni pa duka.

"Kumbe uko hai. Nilishaanza kutafuta nguo nyeusi."

Shangazi, ambaye tangu siku ile alikuwa habanduki dukani, akainuka kitini. "Binti, usiingie humu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi akaitikia kwa mazoea, kisha akajikasirikia. "Ulisema mwenyewe unapandisha! Mara tatu kwa siku!"

"Napandisha nini?" Jini akamtazama, kisha akamtazama fundi, akaelewa. "Faili, shangazi! Filamu! Naipandisha mtandaoni, mtandao unasuasua, naanza upya! Na wewe, Dakika, ukaamini?"

"Niliogopa."

"Siku tisa? Bila hata kuniuliza?"

Alianza kucheka, na kicheko kikakatika. Macho yalipinduka. Akaanguka kati ya kaunta na kiti, mwili ukakakamaa, na kooni mwake ikatoka sauti ambayo haikuwa ya studio. Fundi aliijua. Ilikuwa sauti ya kaka yake.

Tusimpambe, alitaka kukimbia. Alifika mpaka mlangoni.

"Mshike mikono!" shangazi akapaza sauti, ameshapiga magoti. "Mshike! Toka, ewe pepo, toka!"

"Shangazi, usimguse."

"Unasemaje?"

"Nimesema usimguse!"

Akarudi. Alisukuma kiti mbali, akakunja koti lake la kazi akamwekea kichwani, akamlaza ubavu, kama alivyosoma ukubwani kwenye kipeperushi cha hospitali ambacho alikichana kwa uchungu. Meno yake yalikuwa yakigongana. Akaitazama saa ya ukutani.

"Na kama ni pepo kweli?" shangazi akanong'ona.

"Basi anikute hapa."

Mitetemo ikapungua, ikaisha. Jini akaanza kuhema kama mtu aliyelala.

"Dakika mbili na sekunde kumi," fundi akasema, na machozi yakamtoka.

"Imeisha? Lakini hajatolewa kitu."

"Hajatolewa kitu, shangazi."

Shangazi akakaa chini sakafuni, mtandio umemwanguka mabegani. Akaitazama mikono yake muda mrefu.

"Na sisi," akasema, "tulimshika mtoto wa watu siku tatu."

Baada ya kitambo Jini akafumbua macho, akaona koti, akaona nyuso, akajua.

"Ni kifafa," akasema kwa taabu. "Ningekuambia. Kama unaondoka, Dakika, ondoka sasa kabla sijapata nguvu za kukulilia."

"Mbona naogopa hata kusimama? Nitaondokaje?"

"Unaniogopa mimi?"

"Kidogo," fundi akasema, akaketi sakafuni karibu yake na kumshika mkono. "Nioe hivyohivyo."

"Mwanamke ndiye anaolewa, wewe."

"Basi niambie ndiyo, nitajifunza kusema vizuri."